Kwa nini nimejenga klasta nyumbani Kaplong (na kwa nini nawe ujenge)

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na kuna walioanza kudhani nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na bisibisi mkononi, nyaya mezani, na Mama mlangoni akiuliza kama vitu vile vinne vinavyowakawaka usiku vinaweza kuchoma nyumba.

Vitu vyenyewe ni kompyuta. Ni zile kompyuta za bodi moja ziitwazo Raspberry Pi, kila moja ikiwa na ukubwa wa kadi ya benki. Nimeziunga pamoja zifanye kazi kama kompyuta moja, na mkusanyiko wa namna hiyo ndio tunaouita klasta. Tangu nianze kuwasimulia rafiki zangu wa kazini, swali limekuwa lile lile: "Sasa hiyo ya nini, na iko Kaplong?"

Leo nataka kulijibu. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba Kaplong ni mahali pazuri kuliko Nairobi pa kujenga kitu kama hiki, na sababu ni zile zile zinazowafanya watu wacheke.

Kwa wasiopafahamu, Kaplong ni njia panda karibu na Sotik, kaunti ya Bomet. Barabara ya kutoka Kericho inafika hapo na kugawanyika, moja ikielekea Kisii na nyingine Bomet hadi Narok. Ni nchi ya chai, na chai hupenda mvua. Ukanda huu wa Kericho na Nandi unajulikana kwa ngurumo za alasiri na mvua ya mawe, na mawe yakianza kupiga bati, stima nayo huaga. Kumbukeni hilo, maana kisa changu kinaanzia hapo.

Kitabu cha Mama

Mama ana shamba dogo la chai. Kila anapopeleka majani kituoni yanapimwa, na yeye anaandika kilo katika kitabu chake cha mistari. Mwisho wa mwezi analinganisha na hati ya malipo. Majirani kadhaa nao hufanya hivyo, kila mmoja na kitabu chake.

Mimi, mtu wa digrii ya kompyuta, nikaona hapo kuna kazi ya programu. Nikaandika ukurasa mdogo unaofunguka kwenye simu kupitia waifai ya nyumbani: andika jina, andika kilo, bonyeza, basi. Ukitaka jumla ya mwezi, hiyo hapo. Nikauweka kwenye Raspberry Pi moja juu ya kabati, data yote ikikaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ile tunayotia kwenye simu. Majirani kumi na mmoja wakajiunga. Nilijisikia kama nimefungua kampuni.

Miezi mitano baadaye, alasiri moja, stima ilikatika. Ikarudi. Ikakatika. Ikarudi tena. Mara ya tatu kompyuta yangu haikuamka. Kadi ilikuwa imeharibika katikati ya kuandika, na hakuna programu ya uokoaji iliyoweza kuisoma. Kilo za miezi mitano za watu kumi na wawili zikapotea, na bonasi ya Oktoba ilikuwa inakaribia, yaani wakati ule ule ambao kila mkulima anataka kujua jumla yake.

Nikaenda kumwambia Mama. Alikuwa jikoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na kitabu.

"Mwanangu," akasema, "hiki hakitumii stima."

Alikuwa ameendelea kuandika muda wote! Majirani nao, wengi wao. Ni wawili tu walioniamini kabisa wakaacha vitabu, na hao wawili ndio nilioshindwa kuwatazama usoni. Mmoja aliniambia hakuna neno. Bora angenigombeza.

Nilichojenga

Baada ya hapo nilijiapiza kwamba sitaweka tena jambo la mtu juu ya mashine moja na kadi moja. Nilichonunua, kidogo kidogo, kwa miezi kama minane, ni hiki:

- Raspberry Pi 4 nne, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 kila moja. Moja nilikuwa nayo, mbili ni za mitumba.
- Swichi ya mtandao yenye matundu matano, na nyaya fupi za ethaneti.
- Diski ndogo za SSD za kuchomeka kwenye USB, ili data isikae tena kwenye kadi.
- Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, chaja yake, na vifaa vya kushusha volti kutoka 12 hadi 5.
- Ubao, skrubu, na feni moja iliyotoka kwenye kompyuta kuukuu.

Tufanye hesabu ya stima, maana hapa ndipo wengi huogopa. Bodi zote nne, swichi na diski kwa siku ya kawaida zinakula wati 24 hivi. Zidisha kwa saa 24 na siku 30, unapata uniti 17 na kitu kwa mwezi. Chukua bei ya uniti kwenye tokeni yako uzidishe mwenyewe. Kompyuta kubwa ya mezani ya zamani inayokula wati 80 ingemaliza uniti zaidi ya 57.

Kwa upande wa betri, volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200. Betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu kama unaipenda, kwa hiyo zinabaki 600. Gawa kwa 24 unapata saa 25, na ukitoa kinachopotea njiani sema saa 20. Sikuweka inveta. Kupandisha volti 12 hadi 240 kisha kuzishusha tena hadi 5 ni kuchota maji mtoni, kuyapandisha mlimani na kuyarudisha bondeni, huku yakimwagika kila hatua.

Kuna faida moja ambayo sikuipanga. Radi ikianza kunguruma, tunachomoa plagi ukutani na klasta inaendelea kwa betri kama vile hakuna kilichotokea. Nikiwa safarini Mama ndiye anayechomoa. Kwa hiyo msimamizi mkuu wa seva zangu ana shamba la chai na hajui neno "seva". Kazi anaifanya vizuri kuliko watu fulani niliowahi kufanya nao kazi.

"Lakini hiyo si polepole?"

Ndiyo, ni polepole. Hoja hiyo naikubali bila kubishana.

Lakini tutazame historia kidogo. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker pale NASA walichukua kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486, wakaziunga kwa ethaneti, wakaiita Beowulf. Wazo lilikuwa kupata kazi ya mashine kubwa kutoka kwa vitu vya dukani. Mwaka 2012, miezi michache baada ya Raspberry Pi ya kwanza kutoka kwa bei ya dola 35, Profesa Simon Cox wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, aliunga 64 kati yake. Fremu zilijengwa kwa matofali ya Lego, na mwanawe wa miaka sita alisaidia. Gharama, ukiacha swichi, haikufika pauni 2,500.

Halafu mwaka 2017 maabara ya Los Alamos, Marekani, ikapata klasta ya bodi 750. Jamani, hao ni watu wenye kompyuta kubwa za kutisha! Raspberry Pi za nini? Walitaka uwanja wa mazoezi. Mashine yao kubwa ina kazi usiku na mchana, na huwezi kuisimamisha ili mtu ajaribu programu ambayo labda itaiangusha. Kwa hiyo wakatafuta kitu cha bei nafuu chenye nodi nyingi, ambacho kikianguka hakuna anayelia.

Nami ndicho ninachotaka. Mbio zitafutwe kwingine.

"Si ungenunua kompyuta moja nzuri?"

Hii ndiyo hoja nzito, na nitaijibu kwa haki. Kwa pesa nilizotumia ningepata kompyuta ndogo ya mitumba, zile za ofisini zinazoshikwa nyuma ya skrini, yenye prosesa ya Intel na kumbukumbu zaidi. Ingefanya kazi nyingi kuliko bodi zangu zote nne, na ikiwa imetulia ingekula wati kama 10. Kama shida yako ni kuhifadhi picha za familia au kuwawekea watoto Wikipedia isiyohitaji intaneti, nunua hiyo, uache kunisoma hapa.

Lakini kompyuta moja, hata iwe nzuri namna gani, ikizimika imezimika. Haiwezi kukufundisha kinachotokea pale nusu ya mfumo imekufa na nusu iko hai. Na ukweli ni kwamba siku hizi karibu kila kitu tunachokitumia, kuanzia kutuma pesa kwa simu hadi kununua tokeni, kinaendeshwa na mashine nyingi zinazopaswa kukubaliana. Mtu anayetaka kujenga vitu hivyo lazima ajue jinsi vinavyovunjika.

"Si kuna klaudi?"

Ipo, na kazini naitumia kila siku. Lakini fikirini. Bili yake inahesabiwa kwa dola, na mwanafunzi aliyesahau kuzima mashine anaweza kuamkia deni. AWS walifungua kituo chao cha kwanza barani Afrika mwaka 2020, na kiko Cape Town, mbali sana na njia panda ya Kaplong. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ilianza kuchechemea. Siku kama hizo ukurasa wangu wa kilo hufunguka kama kawaida, kwa sababu safari yake yote ni kutoka sebuleni hadi kabatini.

Hata M-Pesa, iliyoanza Machi 2007 na kuwa fahari yetu duniani, seva zake zilikaa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kuzirudisha nyumbani kulihitaji watu wanaojua kuziendesha. Watu hao hutoka wapi, kama sote tunajifunza kubonyeza tu vitufe vya mashine za watu wengine?

Mambo matatu niliyofundishwa na Kaplong

La kwanza ni akidi. Klasta yangu inaendeshwa na k3s, toleo jepesi la Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Bodi tatu ndizo viongozi, ya nne inafanya kazi tu. Kila uamuzi unahitaji wengi wa viongozi, kama kwenye chama. Chama chenye maofisa watatu, mmoja akienda mazishini, wawili wanafikisha akidi na mkutano unaendelea. Wakibaki mmoja, hakuna uamuzi mpya, hata apige meza namna gani.

Nilisoma hayo chuoni na kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lakini sikuyaelewa mpaka siku nilipochomoa waya mmoja nikaona mambo yanaendelea, nikachomoa wa pili nikaona programu zilizokuwa zikitembea zinatembea, ila kila agizo jipya linakataliwa. Hapo ndipo nilipoelewa pia kwa nini viongozi wawili ni wabaya kuliko mmoja. Wengi wa wawili ni wawili, kwa hiyo yeyote akianguka mambo yamesimama. Umenunua mashine ya pili ili uongeze nafasi ya kukwama!

La pili ni saa. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri ndani yake. Ikizimwa inakumbuka tu muda wa mwisho iliouhifadhi, kisha inasubiri intaneti iisahihishe. Kabla sijaweka betri kubwa, stima ilikatika asubuhi, ikarudi alasiri, na intaneti ikachelewa. Bodi zikaamka zikidhani bado ni asubuhi, na kilo zilizopimwa jioni zikaandikwa za asubuhi, kabla ya zile zilizotangulia. Hakuna aliyeniambia hili darasani, maana kwenye kompyuta za darasani saa haikosei. Dawa yake ni kidude kiitwacho DS3231 chenye betri ndogo ya duara. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, ina saa yake, ila betri unanunua mwenyewe.

La tatu liliniuma zaidi. Data yangu iko kwenye PostgreSQL, na bodi moja inainakili kwa nyingine papo hapo. Nikajiona nimemaliza. Usiku mmoja, nikirekebisha rekodi ya jirani mmoja, nikaandika amri ya kufuta na kusahau kutaja jina lake. Zikafutika za watu wote. Na nakala ya pili je? Ilitii mara moja, kama askari mwaminifu. Kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe, data ilikuwa imefutika kote kote, kwa ustadi mkubwa.

Nakala zinazofuatana zinakulinda dhidi ya mashine kufa. Dhidi ya ujinga wako mwenyewe, hapana. Kilichoniokoa ni faili la akiba linaloandikwa kila saa sita usiku kwenye flashi iliyochomekwa kwenye ruta chumba kingine. Nilipoteza kilo za siku moja tu, na hizo... Mama alikuwa nazo kitabuni.

Maoni yangu basi

Naona tunafundisha mifumo hii kwa michoro. Mwalimu anachora masanduku matatu ubaoni, anaunganisha kwa mishale, anafuta moja na kusema "hili limeanguka". Mwanafunzi anakariri, anapita, anapata kazi, na siku mfumo wa watu halisi unapoanguka anatetemeka kwa sababu hajawahi kuona kitu kikianguka. Mimi nilikuwa huyo. Waliolipa karo ya somo langu ni majirani wawili wa Kaplong, na hawakuulizwa kama wanataka kulipa.

Kwa hiyo nasema kila idara ya kompyuta hapa kwetu, hasa za vyuo vya mashambani, iwe na meza moja yenye bodi chache ambazo mwanafunzi anaruhusiwa, hata anatakiwa, kuzichomoa. Asipewe alama kwa kuiwasha. Apewe kwa kueleza kilichotokea alipoivunja, na jinsi alivyoirudisha. Na tusiione stima inayokatika kama aibu ya kuficha. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Anayejenga mifumo Kenya akidhani stima itakuwepo daima anajengea nchi nyingine. BRCK ya Nairobi walilijua hilo tangu 2013, walipobuni kifaa cha intaneti chenye betri ya saa nane ndani yake. Upungufu wetu ulikuwa ndio mwalimu wao.

Ukitaka kuanza, usinunue vyote kwa pamoja. Anza na bodi moja na diski ya SSD, uache kadi kwa kuwashia tu. Pili, tafuta pa kuweka nakala ya akiba, na ujaribu kuirudisha, maana nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Tatu, betri. Bodi ya pili na ya tatu zije baada ya hapo, na zije pamoja, kwa sababu ya ile hesabu ya akidi. Mimi nilianza na bodi na kuishia na nakala ya akiba, na mmeona yaliyonipata.

Oktoba iliyopita, wiki ya bonasi, mmoja wa wale majirani wawili alikuja nyumbani. Jumla yake kwenye hati ilipungua kilo 41. Tukafungua ukurasa, tukaona siku yenyewe, akaenda kumwona karani na tarehe mkononi. Kilo zilikuwa zimeandikwa kwenye namba ya mtu mwingine, makosa ya kawaida ya kibinadamu, zikarekebishwa. Kilo 41 si utajiri. Lakini aliporudi kuniambia, niliweza kumtazama usoni.

Halafu nikaona ana kitabu mfukoni, kipya. Ameanza tena kuandika.

Sikumwambia aache. Kila Ijumaa sasa klasta yangu inachapa karatasi moja yenye kilo za wiki, na Mama anaibandika ndani ya kitabu chake. Anasema ni nakala ya akiba ya kitabu. Mimi nasema kitabu ndicho nakala ya akiba ya klasta. Hatujakubaliana bado, na kwa kuwa tuko wawili tu, akidi nayo inatushinda.

Haya, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Sotik. Nikachomoe plagi. Tuonane tena.